Masuria wa Sultani, kutoka Mtoni hadi Ujiji

Masultani wanne waliofuatana kwenye kiti cha Unguja kuanzia 1856 hadi 1893, yaani Majid, Barghash, Khalifa na Ali, walikuwa ndugu wa baba mmoja, Sayyid Said bin Sultan, na wote walizaliwa na masuria. Hakuna hata mmoja aliyezaliwa na mke wa ndoa. Miongoni mwa mama wa watoto wa Sayyid Said walikuwamo wanawake wa milima ya Kaukazi na wa Uhabeshi, waliotekwa au kununuliwa, baadhi yao wakiwa bado watoto. Dola waliyotawala wana wao ilikuwa na wafanyabiashara na bendera yake hadi Ujiji, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, na huko pia, katika nyumba za matajiri wa pembe, desturi ya usuria iliunda ukoo baada ya ukoo. Mwanamke wa Kicherkesi aliyeishi katika jumba la Mtoni na mwanamke wa Manyema aliyevushwa ziwa kwa mtumbwi hawakujuana, lakini walikuwa chini ya sheria moja.

Sheria yenyewe ilikuwa wazi. Bwana aliruhusiwa kumweka mjakazi wake kuwa suria bila mahari wala ndoa, na idadi ya masuria haikuwa na kikomo kama idadi ya wake, ambao mwisho wao ni wanne. Suria akizaa na bwana akamkubali mtoto, mtoto huyo alikuwa huru tangu kuzaliwa kwake, akibeba jina la baba na kumrithi sawasawa na mtoto wa mke. Mama naye hakuweza tena kuuzwa, na bwana akifa alitoka utumwani. Kwa hiyo hali ya suria ilimtegemea mtoto. Aliyezaa alipata vyumba vyake, watumishi wake na heshima ya kuitwa kwa jina la mwanawe. Aliyekosa mtoto, au aliyezika watoto wake, alibaki mikononi mwa hisani ya bwana. Palipokuwa na mtawala bila mtoto wa ndoa, sheria hiyo ilimpa mwanamke mtumwa nafasi ambayo katika falme nyingi za Ulaya haikuwapo: huko mtoto wa kimada wa mfalme aliweza kupewa cheo na ardhi, lakini kiti cha enzi hakikumhusu. Unguja, mtoto wa suria alikuwa mrithi kamili.

Sayyid Said alihamishia makao yake Unguja kutoka Maskati katika miaka ya 1830, na jumba la Mtoni, lililo ufukweni kaskazini ya mji, likawa nyumba yake kuu. Maelezo mazuri kuliko yote ya maisha ya humo yameachwa na binti yake, Salme, aliyezaliwa hapo tarehe 30 Agosti 1844 na suria wa Kicherkesi. Kitabu chake cha kumbukumbu kilichapishwa Ujerumani mwaka 1886, na mpaka leo hakuna maandishi mengine ya wakati ule yanayomwingiza msomaji ndani kabisa ya nyumba ya wanawake wa Sayyid. Salme aliandika kwa upendo na pengine kwa upendeleo, hasa alipomtaja mama yake, lakini aliyaona mambo kwa macho yake na aliyakumbuka kwa undani.

Kwa hesabu yake, baba yake alipofariki aliacha masuria 75 na watoto 36 walio hai. Mtoni peke yake paliishi watu wapatao elfu moja, wakiwamo watumwa wa kila kazi. Ndani ya jumba zilisikika lugha nyingi, Kiarabu, Kiajemi, Kituruki, Kicherkesi, Kihabeshi, Kinubi na Kiswahili, ingawa mbele ya Sayyid kilichotakiwa ni Kiarabu. Suria mgeni alijifunza lugha hiyo upesi, akabadilishwa jina na kuvalishwa mavazi ya Kiarabu, na maisha yake ya zamani yakafungwa hapo.

Juu ya wote alikuwapo Bibi Azza binti Seif, mke wa ndoa wa ukoo wa kifalme wa Oman. Alikuwa mfupi wa kimo na hakubahatika kupata mtoto, ila kauli yake kwa Sayyid haikupingwa na mtu. Kila asubuhi watoto wa masuria na mama zao walikwenda kumpa salamu, na hakuna aliyethubutu kuketi mbele yake bila ruhusa. Lakini mamlaka ya Bibi Azza yalitoka kwa nasaba na kwa mume, nayo yaliisha pamoja na mume. Nguvu ya suria aliyezaa mtoto wa kiume ilikwenda kinyume cha hapo: ilianza kidogo, ikakua jinsi mtoto alivyokua, na iliweza kumpita Sayyid mwenyewe kwa umri.

Kati ya masuria wenyewe hapakuwa na umoja. Wacherkesi, walionunuliwa kwa bei kubwa kuliko wengine, walijiona bora, na baadhi yao hawakukubali kula meza moja na Wahabeshi. Watoto waliyarithi magomvi hayo. Wale wa mama weupe waliitwa paka na ndugu zao kwa sababu ya macho yao ya buluu. Wanawake walionyang'anywa kwao kwa nguvu namna moja walipimana kwa rangi na bei, na inaumiza kusoma kwamba kipimo cha soko la watumwa kiliwafuata hadi kwenye sinia ya chakula.

Mama yake Salme aliitwa Jilfidan. Alikuwa mtoto wa mkulima, akiishi na wazazi wake, kaka yake na mdogo wake wa kike, mpaka vita vilipofika kijijini kwao. Familia ilijificha chini ya nyumba, lakini wavamizi waliwagundua, wakawaua baba na mama. Wapanda farasi watatu waliwachukua watoto watatu, kila mmoja na wake, na Jilfidan hakuwaona tena ndugu zake maishani. Aliingia nyumbani kwa Sayyid Said akiwa na umri wa miaka saba au minane hivi, kwani jino lake la kwanza la utotoni lilidondokea huko. Sayyid alimlea pamoja na binti zake wawili wa rika lake, akafundishwa kusoma, jambo ambalo wanawake wengi wa jumba lile hawakulipata. Alipokuwa mkubwa akafanywa suria.

Alizaa mabinti wawili. Mmoja alikufa mdogo, na Salme akabaki peke yake. Mama wa binti hakuwa na matumaini ya kumwona mwanawe kwenye kiti, na hata hivyo Jilfidan alipata uzito mkubwa katika nyumba ya kifalme. Salme anamweleza kuwa mrefu, mwenye nguvu na nywele nyeusi zilizofika magotini, asiyekuwa mzuri sana wa sura, lakini mpole na mwepesi wa kusaidia. Mtu yeyote akiugua, Jilfidan alikuwa kitandani pake, akimhudumia na kumsomea vitabu. Alifungamana na suria mwenzake, Sara, na wakaahidiana kwamba atakayetangulia kufa, mwenzake atakuwa mama wa watoto wake. Sara alitangulia. Watoto wake walikuwa Khadija na Majid. Jilfidan aliitimiza ahadi, na Majid alipofikia umri wa kupewa nyumba yake mwenyewe, Beit el Watoro mjini Unguja, alimwita Jilfidan na Salme wakaishi naye. Sayyid Said alipofia baharini karibu na visiwa vya Shelisheli tarehe 19 Oktoba 1856 na Majid akashika utawala wa Unguja, mtoto wa mkulima wa Kaukazi akawa mama mlezi wa mtawala.

Khurshid, suria mwingine na mama yake Khalid mwana wa Sayyid, alikuwa na tabia nyingine. Khalid ndiye Sayyid Said aliyemwachia Unguja kila alipokwenda Oman, na kwa maneno ya Salme, wakati huo Khurshid ndiye aliyetawala kwa hakika huku mwanawe akitekeleza. Alikuwa mwenye akili kali na moyo mgumu, aliyeona mambo ambayo wengine hawakuyaona, na shauri lake lilitafutwa katika kila jambo zito la ukoo. Khalid alikufa mwaka 1854, kabla ya baba yake. Kifo hicho kiliufungulia njia ukoo wa Sara na kuufunga wa Khurshid, na siasa ya Unguja ikageuka bila risasi kupigwa. Mara chache hatima ya mwanamke mwenye uwezo wa kuongoza dola imetegemea uhai wa mtu mmoja kwa kiasi hicho.

Mwaka 1859 kipindupindu kilichopita Unguja kilimchukua Jilfidan. Ni maradhi hayohayo ambayo msafiri Mwingereza Richard Burton, akirudi kutoka Ujiji na John Speke, aliyakuta yakiutesa mji aliporejea mwezi Machi. Mwishoni mwa mwaka huo Barghash, mwana wa suria wa Kihabeshi, aliinuka dhidi ya Majid, na dada zake wakawa sehemu ya njama. Salme, msichana wa miaka 15 aliyekuwa amejifundisha kuandika kwa siri, akawa karani wa waasi. Barghash alipozingirwa nyumbani kwake mjini, dada zake waliingia na kumtoa akiwa amejifunika mavazi ya kike, akaenda kwenye ngome ya shambani iliyoitwa Marseilles. Uasi ulishindwa kwa msaada wa Waingereza na Barghash akapelekwa Bombay. Miaka 11 baada ya uasi, Majid alipokufa, Barghash alishika utawala. Ugomvi wa 1859 huelezwa kuwa wa ndugu wawili, lakini nyuma ya kila ndugu palikuwa na nyumba ya mama, na nyumba ya mama ndiyo iliyogawanya watu.

Utajiri uliolisha majumba hayo ulitoka bara. Misafara ya Waarabu na Waswahili ilifika Ujiji kwa mara ya kwanza yapata 1840, na Burton na Speke walipoingia mwezi Februari 1858 walikuta bandari ya wafanyabiashara wa pembe na watumwa, yenye soko na mitumbwi ya kuvukia ziwa. David Livingstone alifika 1869, na Henry Stanley akamkuta hapo 1871. Wakati huo njia ya ng'ambo ilikuwa imefunguka: kutoka Ujiji watu walivuka hadi ukingo wa magharibi, wakaingia Manyema, nchi ya pembe nyingi na mitutu michache. Waliorudi hawakuja na pembe tu, bali pia na mateka, na wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Livingstone aliona kwa macho yake, tarehe 15 Julai 1871, wafanyabiashara wakiwafyatulia risasi wanawake waliokuwa sokoni Nyangwe. Masoko ya nchi ile yalikuwa mikononi mwa wanawake, na ndio waliotekwa kwa wingi.

Msafara ulichukua miezi mingi kutoka pwani, na mfanyabiashara aliyefika Ujiji aliweza kukaa miaka. Mke wake wa ndoa, kama alikuwa naye, kwa kawaida alibaki Unguja, Bagamoyo au Tabora. Nyumba ya Ujiji ilisimamishwa na suria: ndiye aliyejua lugha za jirani, aliyetunza ghala la merikani na ushanga bwana alipokuwa safarini, na aliyepokea wageni na kulea watoto. Mkubwa wa wafanyabiashara wa mji katika miaka ya 1870 na mwanzo wa 1880 alikuwa Mwinyi Kheri, ambaye Stanley alimhesabia mwaka 1876 watumwa 120, bunduki 80, mitumbwi tisa na ng'ombe 40. Barghash alimtambua kuwa mwakilishi wake. Mwinyi Kheri alielewa thamani ya mwanamke katika siasa, naye alimwoa binti wa mtawala wa Ujiji, kwa kuwa udugu na wenye nchi ulilinda biashara kuliko baruti.

Hapo ndipo tofauti ya mke na suria ilipoonekana wazi ufukweni mwa ziwa. Binti wa mtawala alikuja na watu wake nyuma yake. Akidhulumiwa, baba na kaka zake walikuwa karibu, na mumewe alilazimika kuwafikiria. Suria wa Kimanyema au wa Kibembe hakuwa na mtu. Waliomzaa walikuwa ng'ambo ya maji, kama walikuwa hai. Ngao yake ilikuwa mtoto wake, na mtoto huyo, akiwa wa baba muungwana, alihesabiwa muungwana. Mama aliyefika amefungwa kamba aliweza baada ya miaka 20 kuwa mkubwa wa nyumba yenye wakwe, wajukuu na watumwa wake mwenyewe. Kwa njia hii Ujiji ilijaa watu wenye majina ya baba wa pwani na damu ya mama wa pande zote za ziwa, wakisema Kiswahili nyumbani na kusali msikitini. Mji wa Kiswahili ulio mbali zaidi ya kilomita 1,000 kutoka baharini haukujengwa na wasafiri wa kiume peke yao. Waliosafiri waliondoka na wengine walikufa njiani. Walioshika mji ni wanawake hawa na watoto wao, na historia ya Kigoma bado haijawapa nafasi wanayostahili.

Kisa cha Tippu Tip kinaonyesha jinsi kumbukumbu ya suria ilivyoweza kufungua hata ufalme. Hamed bin Muhammed el Murjebi, kama alivyoitwa kwa jina lake kamili, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na masimulizi hayo yakachapishwa mwanzoni mwa karne ya 20. Humo anaeleza kwamba katika safari zake za magharibi ya ziwa alisikia habari za Utetera, nchi ya Kasongo Rushie, na za dada wa mtawala huyo aliyetekwa zamani vitani na kupotea. Tippu Tip alidai kwamba babu yake mzaa mama, Habib bin Bushir el Wardi, alimpata mwanamke huyo, akamfanya suria, na kwamba mama yake Tippu Tip alizaliwa naye. Kwa hiyo yeye alikuwa mjukuu wa nyumba ya Utetera, amerudi kwao. Kasongo Rushie, aliyekuwa mzee, alimpokea na kumkabidhi utawala, na pembe za nchi ile zikawa zake. Dai lile lilikuwa hila, na Tippu Tip analisimulia kwa ufahari. Hila isingefanya kazi, hata hivyo, kama pande zote mbili zisingeamini kwamba mtoto wa mwanamke aliyetekwa na kufanywa suria anabeba haki kamili. Waarabu waliamini hivyo kwa upande wa baba, Watetera kwa upande wa mama, na mfanyabiashara hodari akasimama mahali imani hizo mbili zilipokutana.

Binti wa Jilfidan alikuwa na sehemu katika mambo yaliyoitenga Ujiji na Unguja. Mwaka 1866 Salme alipata ujauzito kwa mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete, akatoroka kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden, akabatizwa jina la Emily na kuolewa, kisha akaenda Hamburg. Mumewe aligongwa na tramu akafa 1870, akamwacha na watoto wadogo watatu. Kwa miaka mingi alimwandikia Barghash, ndugu ambaye alikuwa amemsaidia katika uasi, akiomba urithi wake. Mwezi Agosti 1885 serikali ya Kijerumani ya Bismarck ilimpeleka Unguja akiandamana na manowari, ikitumia dai lake kuongeza shinikizo wakati Wajerumani walipotaka Barghash akubali mikataba ya Mjerumani Carl Peters huko bara. Barghash alikataa kumwona dada yake, lakini mbele ya mizinga alikubali madai ya Wajerumani. Mkataba wa 1886 kati ya Uingereza na Ujerumani ulimwachia visiwa na ukanda wa pwani wa maili 10 tu. Ujiji, iliyokuwa imepandisha bendera yake, haikuhesabiwa. Mkataba wa 1890 ukathibitisha ukingo wa mashariki wa ziwa kuwa wa Ujerumani. Rumaliza, yaani Muhammad bin Khalfan el Barwani, aliyekuwa mkubwa wa Ujiji baada ya kifo cha Mwinyi Kheri mwaka 1885, alishindwa na majeshi ya Wabelgiji ng'ambo mwanzoni mwa 1894, na mwaka 1896 Wajerumani wakaweka boma Ujiji. Salme mwenyewe hakupata urithi alioudai. Alifia Jena tarehe 29 Februari 1924.

Utumwa ulipoanza kuondolewa kisheria, masuria waliachwa nyuma makusudi. Amri ya Unguja ya Aprili 1897 iliwapa watumwa njia ya kudai uhuru mahakamani, lakini hali ya masuria iliihesabu kama ya wake: suria alitakiwa kuthibitisha ukatili wa bwana ndipo atoke, au, kama hakuwa amezaa, akombolewe kwa idhini ya mahakama. Waingereza walihofia kuwaudhi wenye nyumba, na wanawake ndio waliolipa gharama ya hofu hiyo kwa miaka 12 zaidi. Amri ya 1909 iliwaachilia, ila suria aliyeondoka bila ridhaa ya bwana alipoteza haki ya kukaa na watoto wake. Wengi hawakuondoka. Mtoto ndiye aliyewapa hadhi yote waliyokuwa nayo, na sheria ya ukombozi ilimtaka mama achague kati yake na uhuru.

Bara mambo yalikwenda polepole zaidi. Wajerumani hawakufuta utumwa. Waliamuru tu kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya 31 Desemba 1905 wawe huru. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, na biashara ikaanza kuhamia bandari hiyo mpya, kilomita chache kutoka Ujiji, wakati ambapo kisheria utumwa ulikuwa bado upo katika nyumba za mji wa zamani. Waingereza waliufuta Tanganyika mwaka 1922. Kufikia hapo suala la nani alikuwa suria Ujiji lilikuwa limekwisha kugeuka kuwa jambo la nasaba: wana wa masuria walikuwa wazee wa mji, wenye nyumba na mashamba, na mama zao waliobaki hai walikuwa mabibi wa koo zilizojiita za Waungwana, Waswahili au Wamanyema.